Bampa la mtumba linalokaa: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Bampa ndilo linaloumia kwanza gari likigusana na kitu: nguzo ya geti, bajaji iliyosimama ghafla, tuta lisilo na alama usiku. Ndilo pia spea ambayo watu wengi hujikuta wanainunua mara mbili. Mara ya kwanza baada ya kuambiwa "bosi, hilo linaingia kabisa", mara ya pili baada ya kugundua kuwa haliingii. Wakati huo fundi ameshalipuliza rangi na muuzaji hataki hata kulisikia.

Bampa jipya la kiwandani lipo, ila kwa gari la miaka kumi na tano au ishirini bei yake inaweza kumfanya mwenye gari acheke peke yake. Ndiyo maana wengi wanakwenda kwenye mtumba: Gerezani na Ilala kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi, ambako wengi bado wanapaita Grogan, na Kisekka kwa Kampala. Mzigo wenyewe kwa sehemu kubwa unatoka Japani, kwenye magari yaliyostaafu, yakafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye kontena. Mwingine unapitia Sharjah, Falme za Kiarabu.

Mtumba wenyewe hauna shida. Bampa lililofunguliwa kwenye gari la Japani, likiwa zima, mara nyingi linakaa vizuri kuliko jipya la kuiga, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya gari hilohilo. Shida ni kwamba mtu anakwenda sokoni na jina la gari tu, na jina la gari ni taarifa ndogo mno.

IST ni magari mawili

Chukua Toyota IST, gari ambalo Dar es Salaam liko kila kona. Kuna IST iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na kuna IST nyingine kabisa iliyoanza 2007 ikaenda hadi 2016. Jina ni moja, lakini bodi, taa, fenda na bampa ni tofauti. Hakuna kulazimisha hapo.

Mtaani zinaitwa "old model" na "new model", na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Ile IST ya kwanza nayo ilifanyiwa marekebisho ya uso mwaka 2005, katikati ya maisha yake. Sasa muuzaji mmoja akisema "new model" anamaanisha IST ya 2007 na kuendelea, mwingine anamaanisha ile ya zamani iliyorekebishwa. Wote wawili wanasema ukweli wanaoujua wao, na mnunuzi ndiye anayelipa tofauti.

Vitz nayo ni hivyohivyo, na imezidi. Kuna ya 1999 hadi 2005, ya 2005 hadi 2010, na ya 2010 hadi 2020. Premio kuna ya 2001 hadi 2007 na ya 2007 hadi 2021. Mtu akiomba "bampa la Premio" ameomba kitu ambacho hakipo.

Namba ya chasisi ndiyo inayosema

Gari lililouzwa kwanza ndani ya Japani halina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama magari ya Ulaya au Marekani. Lina namba fupi yenye sehemu mbili: mbele herufi na tarakimu za modeli, halafu kistari, halafu namba ya gari lenyewe. Kwa mfano NCP61, kistari, kisha tarakimu saba. Iko kwenye kadi ya gari, na iko kwenye kibao cha bati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango.

Ile sehemu ya mbele ndiyo ya kwenda nayo sokoni. IST ya kwanza ni NCP60, NCP61 na NCP65. Ya pili ni NCP110, NCP115 na ZSP110. Vitz ya kwanza ziko SCP10, NCP10 na wenzake. Ya pili KSP90, SCP90, NCP91 na NCP95. Ya tatu KSP130, NSP130 na wenzake. Premio ya zamani ni NZT240, ZZT240 na AZT240; ya baadaye ni NZT260 na ZRT260.

Ukiziangalia kwa makini zinasomeka. Herufi ya kwanza inahusu injini: K, S na N kwenye Vitz ni familia tatu tofauti za injini. Kwa bampa hilo halina maana. Vitz ya KSP90 yenye injini ndogo na ya SCP90 yenye injini kubwa kidogo zina bodi moja. Namba ndiyo inayotaja bodi.

Lakini hata namba inataka macho. SCP90 ni Vitz, SCP92 ni Belta. Injini ni moja, na namba zimepishana kwa tarakimu moja tu, lakini Vitz ni gari lisilo na buti la kutokeza na Belta ni saluni yenye uso wake mwenyewe. Bampa la mmoja halimkai mwingine, si mbele wala nyuma. Na kwa kuwa Belta iliuzwa nchi nyingi kwa jina la Yaris, na Vitz nayo iliuzwa nje kwa jina la Yaris, kontena linalotoka Uarabuni linaweza kuwa na "bampa la Yaris" ambalo ni la Belta, ndugu wa Vitz, siyo la Vitz.

Kwenye baadhi ya vibao kuna herufi nyingine mbele kabisa, kama UA, CBA au DBA. Hizo zinahusu kiwango cha moshi kilichokuwa kikitumika Japani gari lilipotoka. Kwenye bampa hazisaidii kitu, zirukwe.

Mwaka wa kwenye kadi si wa kuaminiwa peke yake

Namba ya chasisi inatenganisha vizazi vya gari, ila haitenganishi sura ndani ya kizazi kimoja. Watengenezaji wa Japani wana kawaida ya kubadilisha uso wa gari katikati ya safari: bampa jipya, shoo mpya, taa mpya, huku bodi ikibaki ileile na namba ya modeli ikibaki ileile.

Vitz ya 2010 ndiyo mfano mzuri. Mwaka 2014 uso wake ulibadilishwa hadi mtu asiyejua magari anaona. KSP130 ya 2012 na KSP130 ya 2015 zina namba moja lakini nyuso mbili. Premio ya 260 ina nyuso tatu: ya 2007, ya 2010 na ya 2016. Subaru Forester ya SG5 ilibadilishwa taa na bampa mwaka 2005.

Hapo mtu atasema, basi naangalia mwaka kwenye kadi. Tatizo ni kwamba karatasi za Japani zinaonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza, siyo siku lilipotoka kiwandani. Gari linaweza kukaa miezi kwenye yadi ya muuzaji kabla ya kupata mteja. Likiwa la mwaka uleule wa mabadiliko, karatasi haiwezi kumaliza ubishi.

Kinachomaliza ubishi ni taa. Bampa la mbele linafuata ukingo wa chini wa taa kubwa na ukingo wa shoo. Kama taa za gari ni zake za asili na bampa linalouzwa limetoka kwenye gari lenye taa na shoo za umbo hilohilo, kazi imeisha. Kama taa zilishabadilishwa huko nyuma, na hilo hutokea sana kwenye gari lililopita mikono mitatu, fundi aangalie kwanza kama ni za umbo lilelile.

Magari pacha

Kuna ushauri unaozunguka gereji kwamba gari fulani na fulani "ni mtu na ndugu yake", kwa hiyo chochote kinaingia. Ni nusu ya ukweli. Premio na Allion zinachangia mambo mengi chini, Noah na Voxy ni bodi moja, lakini sehemu ambayo kiwanda kinaitumia kuzitofautisha ni sura, na sura ni bampa, shoo na taa. Kwa hiyo bampa ndiyo spea ya mwisho kuazimwa kwa pacha. Chuma cha ndani kinaweza kuingiliana, ganda la nje ni mara chache.

Matoleo ya gari moja nayo hutofautiana. Vitz RS, ile ya kimichezo, ina bampa lake. Forester ya Cross Sports ina umbo la chini lisilofanana na Forester ya kawaida. Hapo bampa linaweza kufungika kabisa, skrubu zote zikaingia, ila likashuka chini kuliko la mwanzo. Kwa barabara za mitaani zenye mashimo na makorongo, sentimita mbili au tatu za kushuka ni bampa jingine litakalovunjika kabla ya mwaka kuisha.

Kuna pia suala la matundu. Tundu la taa za ukungu, matundu ya sensa za kuegesha, kifuniko cha ndoano ya kuvutia gari. Bampa lenye tundu la taa za ukungu linaweza kuwekewa kifuniko kama gari halina taa hizo. Kinyume chake, kutoboa bampa lisilo na tundu, ni kazi inayoishia vibaya mara nyingi, maana nyuma yake hakuna mahali pa kushikilia taa. Matundu ya sensa ni madogo, fundi wa plastiki anaweza kuyaziba.

Sokoni: picha, winga na maneno matamu

Mnunuzi aliyejiandaa anafika na picha kwenye simu. Picha ya mbele ikionyesha taa zote mbili, ya kila kona pale bampa linapokutana na fenda, ya kibao cha chasisi, na ya bampa lililovunjika kwa ndani. Hiyo ya ndani ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo muhimu, kwa sababu inaonyesha masikio ya kushikia skrubu yako wangapi na yamekaa wapi. Kama bampa la zamani bado linabebeka, ni vizuri zaidi liende sokoni lenyewe. Mabampa mawili yakilazwa mgongo kwa mgongo hakuna muuzaji anayeweza kubisha.

Ni makosa kulitupa bampa la zamani mapema. Wengi wanaliacha eneo la ajali au wanampa mtu wa vyuma chakavu, halafu wanagundua kwamba klipu, vifuniko, taa za ukungu na vishikio vya pembeni vyote vilikuwa humo. Kununua kimojakimoja kunauma.

Sokoni mnunuzi atapokewa na winga, yule kijana asiye na duka lakini anayejua maduka yote. Winga si adui. Anaweza kuokoa saa tatu za kuzunguka juani. Ila bei yake imo ndani ya bei ya bampa, na akisema "kaa hapa nakuletea", mnunuzi haoni bampa limetoka duka gani. Likigoma kukaa kwenye gari, linarudishwa kwa nani? Winga azungushe, sawa, lakini malipo yafanyike dukani, na mwenye duka atamke mwenyewe kama analipokea likirudi.

Kwa Toyota kuna njia nyingine ya kuthibitisha. Kila spea ina namba, na ganda la bampa la mbele huanza na 52119, la nyuma 52159. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotaja gari. Mara nyingi namba hiyo imechongwa ndani ya bampa, kwenye plastiki. Katalogi za Toyota za mtandaoni zinatafutika kwa namba ya chasisi, kwa hiyo mtu anaweza kujua namba ya bampa lake akiwa nyumbani, akaja nayo sokoni. Herufi na tarakimu mbili za mwisho kabisa, zikiwepo, mara nyingi ni za rangi. Hizo zisimchanganye.

Likiwa mkononi

Bampa la mtumba linageuzwa kwanza. Nje kunapigwa polishi, ndani hakuna anayejisumbua.

Masikio ya pembeni na ya juu yahesabiwe yote. Sikio moja likikosekana kona, bampa litaachia uwazi kati yake na fenda, na kwenye barabara ya vumbi litaanza kupiga kelele ndani ya wiki. Fundi atasema atapiga skrubu ya kuonekana au atafunga waya. Inawezekana, lakini hiyo nayo ni hela ya kupunguza kwenye bei.

Mistari myeupe ndani ya plastiki nyeusi ni alama kwamba bampa lilikunjwa kwa nguvu. Mahali hapo ndipo litakapopasuka tena. Sehemu iliyoungwa kwa moto inaonekana kama kovu nene. Si lazima iwe mbaya. Mabampa mengi ya Japani ni ya plastiki aina ya PP, na herufi hizo huwa zimechongwa ndani, wakati mwingine zikifuatana na nyingine. PP inakubali kuchomelewa kwa plastiki ya aina yake. Isichokubali ni gundi za dukani, ndiyo maana bampa lililogundishwa hufunguka mahali palepale.

Puti nayo ikaguliwe. Kidole kigonge juu ya bampa kuanzia kona moja hadi nyingine. Plastiki tupu ina sauti moja, na mahali palipojazwa puti sauti inakuwa nzito. Puti nyingi kwenye plastiki inayopindika itapasuka siku yoyote.

Bampa lililopinda kwa kulaliwa na mzigo lisiachwe haraka. Kama halijapasuka, maji ya moto sana yakimwagwa sehemu iliyobonyea, plastiki inalainika na inaweza kusukumwa kutoka ndani ikarudi. Kazi hiyo inataka glavu na subira, na kwa bonde dogo inasaidia kweli.

Rangi inayofanana ni bahati nzuri, lakini isimpofushe mtu. Kwenye kibao cha chasisi kuna kodi ya rangi, kwa Toyota herufi au tarakimu tatu kabla ya mkwaju. Nyeupe ya 040 ni nyeupe ya kawaida, nyeupe ya 070 ina kung'aa kwa lulu. Dukani, ndani ya kivuli, zinafanana. Juani kila mtu anaona. Na hata kodi ikiwa moja, gari lililokaa juani Dar miaka minane halilingani na bampa lililotoka Japani mwezi uliopita.

Kilicho ndani ni muhimu kuliko kinachoonekana

Hapa ndipo pesa ndogo inayookolewa inaweza kugharimu kitu kikubwa. Bampa linaloonekana ni ganda tu. Ndani yake, kwenye magari mengi, kuna kipande cha povu gumu au plastiki ya kufyonza mgongano, na nyuma ya povu kuna chuma kinacholala upana wa gari, kimefungwa kwenye ncha za chasisi. Ganda kazi yake ni sura na upepo. Chuma na povu ndivyo vinavyopokea pigo kabla halijafika kwenye kondensa ya AC, rejeta na injini.

Ajali ikivunja ganda, mara nyingi povu limepasuka au chuma kimepinda. Fundi mwenye haraka anafunga ganda jipya juu ya chuma kilichopinda, au analifunga bila povu kabisa, maana kwa nje hakuna atakayejua. Gari linatoka gereji likipendeza. Siku ya kugongana tena, hata kwa mwendo mdogo wa kwenye foleni, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rejeta.

Kwa hiyo kabla ya kununua ganda, gari livuliwe bampa na chuma kiangaliwe. Kipimo rahisi: umbali kati ya chuma na rejeta uwe sawa kushoto na kulia. Kama upande mmoja umeingia ndani, bampa lolote litakalofungwa litakaa upande, hata likiwa la gari hilohilo. Wengi wamelaumu bampa "lisilo la gari lake" wakati kilichokuwa kimepinda ni gari.

Eneo hilo la mbele pia ndiko magari mengi yalikowekewa sensa za eabegi. Waya zake zikionekana zinaning'inia, au taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi, hiyo ni kazi ya fundi umeme, siyo ya fundi bodi. Kwenye magari mapya zaidi kuna rada zilizojificha ndani ya kona za bampa la nyuma au nyuma ya nembo ya mbele. Puti nene mbele ya rada inaweza kuivuruga.

Kununua uso mzima

Ajali ikiwa kubwa, taa, shoo na chuma vyote vikiwa vimeondoka, wauzaji hutoa nozikati, yaani uso mzima wa gari uliokatwa na kuletwa na vitu vyake. Kwa hesabu ya jumla inaweza kuwa nafuu kuliko kukusanya kimojakimoja, na kila kitu kinaoana kwa sababu kilikuwa pamoja.

Jambo moja la kuangalia ni taa. Bampa halijali usukani uko upande gani, taa inajali. Taa za magari ya Uarabuni na Ulaya bara zimetengenezwa kwa wanaoendesha kulia mwa barabara, mwanga wake wa chini hutupwa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Taa hizo zikifungwa hapa, mwanga unaingia machoni mwa dereva anayekuja. Uso kutoka Japani hauna tatizo hilo, kwa kuwa nako huendesha kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo mambo ni kinyume chake.

Bampa la nani?

Si kila bampa linaloning'inia kibandani limetoka kwenye kontena. Wizi wa vioo vya pembeni, taa na vifaa vingine vya gari unajulikana mijini, na vitu hivyo vinaishia mahali fulani. Bampa ni kubwa na si rahisi kuibwa kama kioo, lakini linaibwa, hasa pamoja na taa zake.

Kanuni ya Adhabu, ya Tanzania na ya Kenya, inamhesabia kosa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua. Bei ya kutupa, muuzaji anayetaka kukutana kichochoroni, waya za taa zilizokatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye soketi: hizo ni sababu za kujua. Duka lenye mzigo wa kontena halioni aibu kutoa risiti. Tanzania risiti ya EFD ni haki na wajibu wa mnunuzi, na ndiyo hiyohiyo itakayomsaidia bampa likigoma kukaa.

Jaribu kwanza, rangi baadaye

Bampa likifika gereji lifungwe likiwa na rangi yake ya mtumba, hata kama ni ya pinki. Skrubu zote ziingizwe, boneti ifungwe, milango ya mbele ifunguliwe na kufungwa, matairi yakatwe kushoto na kulia hadi mwisho. Uwazi kati ya bampa na fenda uwe sawa pande zote. Likikaa, ndipo lifunguliwe likapulizwe. Muuzaji anaweza kupokea bampa lililojaribiwa. Lililopakwa rangi ni la aliyelipaka.

Muda wa kulirudisha uulizwe siku ya kununua: siku moja, mbili, au hakuna. Na usafiri wake usidharauliwe. Bampa la mbele kwenye bodaboda, limeshikiliwa kwa mkono mmoja, likikutana na upepo wa Nyerere Road, linaweza kufika na masikio mawili pungufu, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Kwenye rangi, fundi aulizwe kama anatumia praima ya plastiki. Rangi ikipigwa moja kwa moja kwenye PP itabanduka kama ganda la kitunguu, na itaanzia pale gari linapooshwa kwa presha. Bampa pia lisipakwe puti kisha likaachwa bila kulinganishwa na fenda juani. Rangi iliyochanganywa usiku chini ya balbu ina tabia ya kubadilika asubuhi.

Mtumba usipopatikana

Kuna magari ambayo bampa lake la mtumba halipatikani kirahisi, ama kwa kuwa ni machache, ama kwa kuwa kila mtu analitafuta. Njia ya kwanza ni kukarabati lililopo. Ufa mmoja na sikio moja lililokatika havitoshi kulihukumu bampa, fundi mzuri wa kuchomelea plastiki analirudisha. Bampa lililopoteza kona nzima au masikio yote ya upande mmoja, hilo limekwisha.

Njia ya pili ni jipya la kuiga, la Taiwan au China. Yako mazuri na yako mepesi kama kadibodi. Kanuni ni ileile ya kulijaribu kabla ya rangi, na kukagua unene wa masikio, kwa sababu huko ndiko watengenezaji wengine hubana gharama. Njia ya tatu ni kuagiza Japani kwa namba ya chasisi. Spea haikosewi kirahisi, ila bampa ni kubwa kwa umbo ingawa ni jepesi, na wasafirishaji wa anga hutoza kwa nafasi linayochukua. Kwa meli ni nafuu kama litaingia kwenye kontena la mtu mwingine.

Baada ya yote, kinabaki kibao cha namba. Bampa la Japani lina sehemu ya kibao cha Japani, kifupi na kipana, milimita 330 kwa 165, na matundu yake hayalingani na kibao kirefu cha hapa. Fundi atobolee kwenye kishikio cha kibao, siyo kwenye ganda lenyewe, na asitoboe kabla rangi haijakauka.